Senso ya oksijeni, jamu ya Mukono na mafuta ya Wish yangu

Niseme mapema ili mtu asije akakimbia Kisekka, lile soko la vipuri Kampala, na hela mkononi: si kila gari inayokula mafuta inataka senso ya oksijeni, kale kadude ka kwenye ekzosi kanakopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na hata zile senso zenyewe kwenye gari si zote zinahusika na mafuta. Yangu ilihusika, na nilipoibadilisha niliona tofauti kwenye pampu, lakini nimeona pia watu wametoa hela nzuri wakaweka senso mpya kabisa na gari ikaendelea kunywa vile vile.

Mimi ni dereva, naendesha Toyota Wish ya 2003, injini ya 1800, nafanya spesho, yaani gari ya kukodi, kati ya Busia na Kampala. Mara nabeba kina mama wanaoenda kuchukua nguo soko la Owino, mara mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Mulago, mara mzigo tu. Anayeijua hiyo barabara anajua ni kama kilomita 200 hivi, unapita Bugiri, Iganga, Jinja, unakata msitu wa Mabira, Lugazi, alafu ukifika Mukono ndo safari inaanza upya, manake kutoka hapo kuingia mjini jioni unaweza kukaa kwenye jamu ya magari mpaka abiria wanaanza kukuuliza kama ungewaacha washuke wapande boda. Hiyo jamu ishike kichwani, nitairudia, kwa sababu ndo ilinionyesha ugonjwa.

Tabia ya kuandika mafuta niliianza kitambo, wakati ule wa Januari 2022 madereva wa malori walipogoma hapa Busia na Malaba kwa ajili ya kupimwa Covid, mafuta yakakwama ng'ambo na lita moja ya petroli sehemu zingine ikafika shilingi 10,000 na kupita. Hapo ndo nilijua geji ya mafuta haikuambii kitu, inashuka vile inavyotaka, mlimani inasema hivi, tambarare inasema vingine. Ninachofanya ni kujaza fulu tanki, pampu ikikata yenyewe basi, hakuna kuongezea tone, naandika odomita, natembea, alafu najaza tena pampu ile ile kwa njia ile ile, kilomita nagawanya kwa lita zilizoingia. Watu wa Busia wanapenda kujaza upande wowote ambao bei imeshuka, leo Kenya kesho Uganda, na mimi pia najaza hivyo, ila nikiwa napima sihami kituo, kwa sababu pampu zenyewe hazikati sawa.

Kawaida Wish yangu ilikuwa inanipa kama kilomita 10 kwa lita nikichanganya barabara kubwa na mji. Ikaanza kushuka pole pole. Ikafika 9, nikasema labda ni mzigo. Ikafika 8 na nusu. Na hapo usiku nikisimama naanza kusikia harufu ya petroli mbichi nyuma ya gari, mdomo wa ekzosi ndani umekuwa mweusi masizi tupu, ukipitisha kidole unatoka kama umeshika chungu cha kuni. Nikatoa plagi, zote nne zimevaa masizi makavu. Taa ya cheki injini inawaka siku mbili inazimika, inawaka tena.

Sasa ukisema gari inakula mafuta kwenye stegi, kila mtu ni daktari. Mmoja aliniambia nibadilishe pampu ya mafuta, mwingine akasema ni injekta, mwingine akasema nikate kataliti, kile chombo cha ekzosi cha kusafisha moshi, ile wengine wanaiita masega, ati inaziba gari haipumui, na yeye anamjua mtu wa kuinunua. Huyo wa mwisho nilimwelewa haraka sana, kwa sababu ndani ya kataliti kuna platinamu na paladiamu na rodiamu, na watu wanaozunguka kununua hizo vitu hawazunguki kwa ajili ya afya ya gari yako.

Nilianza na vitu rahisi. Plagi mpya, chujio la hewa, upepo wa tairi, nikanyanyua gari kwa jeki nikazungusha tairi kwa mkono kuona kama kuna breki inashika. Hapo niliokoa mafuta kidogo sana, kitu ambacho unaweza kusema ni upepo tu wa njiani. Baada ya muda si mrefu plagi mpya nazo zikaanza kuwa nyeusi. Basi nikajua kuna kitu kinaiambia injini imwage petroli.

Kuna mzee mmoja fundi wa umeme wa magari Kampala, mtu wa maneno machache, ndo alinifafanulia hii maneno ya senso vizuri. Akaniuliza, "Mwanangu, mafuta yanaisha sana barabarani ama kwenye jamu?" Nikamwambia Mzee, barabarani si mbaya sana, ila nikiingia Mukono ni kama kuna mtu ananyonya tanki na mpira. Akatikisa kichwa tu, kama alikuwa analingojea hilo jibu.

Kazi yenyewe iko hivi. Injini ya petroli inapenda hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1, hapo kila kitu kinaungua vizuri. Kompyuta ya gari haiwezi kuona moto ndani ya silinda, kwa hiyo inaangalia moshi unaotoka. Senso ya mbele, ile iko kabla ya kataliti, ncha yake imezama ndani ya moshi, na inalinganisha oksijeni iliyobaki kwenye moshi na oksijeni ya hewa ya nje. Oksijeni ikiwa kidogo, maana yake petroli imezidi, senso ya aina ya kawaida inatoa umeme mdogo kama volti 0.9. Oksijeni ikiwa nyingi, petroli imepungua, volti zinashuka karibu 0.1. Kompyuta inasoma, inapunguza, inaongeza, mchezo huo unaendelea bila kupumzika wakati wote unaendesha. Si kitu kipya hata, Bosch ndo waliileta na Volvo wakaiweka kwenye magari ya soko la Marekani mwaka 1976, kabla sijazaliwa.

Ila senso ikiwa baridi haisemi kitu. Inataka joto la nyuzi 300 na zaidi ndo ianze kufanya kazi. Ndo maana zile za siku hizi zina waya nne, mbili kati yake ni za hita ndogo ya ndani, ya kuipasha haraka asubuhi na kuishikilia na joto wakati injini inasaga tu bila kwenda. Hita ikikufa, ukiwa Mabira unakanyaga, moshi wenyewe ni moto wa kutosha na senso inaongea. Ukifika Mukono ukasimama, moshi unapoa, senso inanyamaza, na kompyuta ikikosa habari inarudi kwenye hesabu yake ya kuzaliwa nayo, ile ya kumwaga kidogo zaidi ili injini isizime. Unakaa kwenye jamu saa nzima unamwaga. Mzee alivyoniuliza lile swali la jamu alikuwa tayari amejua.

Hata hivyo hakuniambia nunua. Aliniambia pima kwanza. Hapo tukapata shida ndogo ambayo wenye magari ya Japani wataijua: nilikuwa na kale kadude ka kusoma kodi, yaani namba za ugonjwa ambazo kompyuta ya gari inaandika, ka kuchomeka chini ya usukani, kale ka blututhi kanaongea na simu, na kwa gari yangu kalikuwa kanagoma kabisa kuunganika. Haya magari ya miaka ya mwanzo ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe hayafuati lugha ya kila skana, kwa hiyo usiambiwe kompyuta ya gari imekufa kwa sababu tu kidude cha bei rahisi hakisomi. Mzee alikuwa na mashine yake ya Toyota, ikasoma kodi P0135, mzunguko wa umeme wa hita ya senso ya kwanza. Tukawasha injini, tukaangalia volti zake zikitembea. Injini ikiwa moto na umekanyaga kama mizunguko 2,500 kwa dakika, senso nzima inaruka juu chini haraka haraka. Yangu ilikuwa inapanda kivivu, inakaa huko, inashuka kivivu. Tukazima, ikapoa, akachomoa soketi akaweka mita kwenye zile waya mbili za hita. Senso nyingi za Toyota za aina hiyo zikiwa baridi zinasoma om (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama 11 mpaka 16. Yangu haikusoma kitu, waya ya ndani imekatika. Kwa hiyo hapa hakukuwa na kubahatisha, kodi inasema hivyo, mita inasema hivyo, na jamu ya Mukono ilishasema kitambo.

Tahadhari moja hapo, kuna magari mbele yanatumia senso ya aina nyingine, ile inayopima uwiano wa hewa na mafuta kwa upana, hita yake inasoma om ndogo sana, kati ya 2 na 3 hivi, na volti zake haziruki namna hiyo. Ukiipima kwa hesabu ya ile ya kawaida utasema imekufa na ni nzima. Na zinafanana kwa macho, kwa hiyo usinunue kwa kufananisha, nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye chuma chake.

Kununua sasa. Kisekka ukiingia na senso mkononi hujatembea hatua kumi vijana wameshakuzunguka. Mmoja akaniuliza, "Ssebo (yaani bwana), unataka original ama unataka ya kutembelea?" Nikacheka, lakini ni swali la ukweli. Kuna ya mtumba iliyotolewa kwenye gari iliyochinjwa, yaani iliyofunguliwa kuuzwa vipande, iko chini ya nusu ya bei ya mpya. Kuna mpya ya kuunganisha waya mwenyewe, inaingia magari mengi. Kuna mpya yenye soketi yake kabisa. Mimi ya mtumba sikuitaka, na sisemi ni mbaya zote, ila senso ni kitu kinachochakaa, yenye hita inahesabiwa kufika kama kilomita 160,000 na gari iliyochinjwa haijulikani ilitembea ngapi. Unanunua uzee wa mtu mwingine. Kama ni lazima uchukue ya mtumba, basi nenda na mita, pima ile hita hapo hapo mbele ya muuzaji, akikataa kupimiwa achana naye.

Ile ya kuunganisha waya si mbaya, ila mwenye kuiunganisha awe anajua. Zile waya mbili za rangi moja ndo za hita, hiyo rahisi, shida iko kwa zile mbili zilizobaki, ya habari na ya ethi (ile ya kurudisha umeme), kila kampuni ina rangi zake. Alafu watu wanapaka grisi kwenye maungio ama wanachoma risasi ya kulehemu kila mahali, na hawajui kwamba senso nyingi zinavuta ile hewa ya nje ya kulinganisha kupitia ndani ya waya zenyewe. Ukiziba hapo umeiua ikiwa mpya. Mimi nilichukua yenye soketi yake, nikauma meno nikalipa. Kabla ya hapo duka moja mahali pengine walinitolea boksi lenye jina kubwa, boksi zuri linang'aa, lakini senso ndani haina namba yoyote iliyochongwa, maandishi ni ya wino unaofutika na kidole. Niliwarudishia nikasema asante.

Kuitoa ile ya zamani ndo kazi ya wanaume. Imekaa kwenye ekzosi miaka yote hiyo, moto na kutu. Mzee alipuliza mafuta ya kulegeza kutu jioni, asubuhi akawasha injini ipate uvuguvugu tu, si moto wa kuchoma, chuma kikitanuka kidogo kinaachia, akaweka spana ya 22. Ilitoka na kelele kama inalalamika lakini nyuzi za kukazia hazikuharibika. Nimeshaona gereji wakipiga nyundo na tindo, senso inatoka na nyuzi za ekzosi, alafu mtu anaambiwa anunue kipande cha ekzosi kizima. Mpya ikaingia kwanza kwa mkono, nyuzi zikiwa na ule upako wa kuzuia kushikana, ambao hautakiwi kugusa ncha. Ncha yenyewe haishikwi na vidole vya mafuta. Tukatoa fyuzi ya injini kidogo ili kompyuta isahau ile hesabu ya uongo iliyokuwa imejizoesha, tukarudisha.

Matokeo sasa, ambayo ndo watu wanataka. Kutoka 8 na nusu ilirudi 10, na ilikaa hapo tanki baada ya tanki. Safari ya Kampala ya kwenda tu, ile iliyokuwa inakula lita 23 na ushee ikawa lita 20. Kwa petroli iliyokuwa zaidi ya shilingi 5,000 kwa lita wakati huo, hiyo si hela ya kudharau kwa mtu anayeenda na kurudi wiki nzima, senso ilijilipa bila hata kuisikia. Harufu ikaisha, plagi zikaanza kuwa na ile rangi ya kahawia nyepesi. Na kwenye barabara wazi tofauti ilikuwa ndogo, karibu yote ilipatikana mjini.

Mtasikia watu wanasema senso mpya inaokoa asilimia 40. Hiyo namba haikutoka hewani, ile tovuti ya serikali ya Marekani ya mambo ya matumizi ya mafuta ndo inasema kurekebisha tatizo kubwa, mfano senso ya oksijeni iliyokufa, kunaweza kuboresha mpaka asilimia 40. Lakini neno pale ni mpaka. Hiyo ni gari iliyokuwa imekufa vibaya kabisa, na tovuti hiyo hiyo inasema gari inayohitaji matengenezo ya kawaida tu inapata kama asilimia 4. Mimi nilipata katikati. Anayekuuzia senso atakutajia 40 na hiyo 4 hataitaja.

Shemeji yangu ana Toyota Premio, ilianza kula mafuta na taa ikawaka, kodi P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi, petroli kidogo. Gereji moja wakasoma neno senso mahali kwenye simu yao, wakamuuzia senso. Hakuna kilichobadilika. Alivyonipigia nikamwambia afungue boneti achunguze ule mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, akaukunja, kumbe umepasuka chini kwenye mikunjo mahali ambapo huoni bila kuupinda. Injini ilikuwa inavuta hewa ya wizi ambayo kompyuta haijaihesabu, senso ikaona oksijeni nyingi ikasema, kompyuta ikaongeza petroli. Ile senso ilikuwa shahidi mkweli, wakamfunga shahidi. Dereva mwingine wa hapa hapa alikuwa na gasketi ya ekzosi imeungua kabla ya senso, asubuhi injini ikiwa baridi unasikia tik tik tik, hewa ya nje inaingia pale inaidanganya senso. Gasketi ni bei ya chakula cha mchana. Plagi inayoruka pia inafanya hivyo hivyo, petroli haikuungua lakini oksijeni nayo haikuungua, senso inaona oksijeni tu.

Na wanaoniuliza nini kinaua hizi senso mapema huku kwetu, mimi naona kubwa ni silikoni, ile gundi ya kuzibia. Mafundi wetu wanapenda silikoni kama chumvi, kila kifuniko cha injini wanapaka, na ile ya bei rahisi mvuke wake ukiingia kwenye injini unafunika ncha ya senso na utando mweupe, haiponi. Tafuta tyubu iliyoandikwa kwamba haidhuru senso. Injini inayokula oili nayo inaiua taratibu, na maji ya rejeta yakivuja ndani. Petroli yenye risasi ndo ilikuwa adui mkubwa zamani lakini huku Afrika kusini mwa Sahara iliondolewa kufikia 2006. Iliyobaki ni petroli ya kuchanganywa na mafuta ya taa, ambayo serikali na UNBS, shirika la viwango la Uganda, wanapambana nayo kwa kuweka alama kwenye mafuta, lakini ile ya magendo ya kwenye chupa na jerikeni pembeni ya njia hakuna alama inayokuja nayo. Mimi siwekagi, hata nikiwa nimebakiza mvuke tu kwenye tanki.

Senso ya nyuma, ile iko baada ya kataliti, bado ni ya zamani. Kazi yake kubwa ni kuchunguza kama kataliti inafanya kazi, ndo maana waliokata kataliti wanasumbuliwa na P0420, kodi ya kataliti isiyofanya kazi, kila siku, na kwenye mafuta mchango wake ni mdogo sana. Yangu hita yake nayo imeshaanza kuchoka, kodi P0141 inakuja mara moja moja, na daftari langu la mafuta halijatikisika, bado 10. Kinachoniudhi ni kwamba taa ikiwaka siwezi kujua ni hiyo ama ni kitu kipya, kwa hiyo kila ikiwaka inabidi nipitie kwa Mzee na mashine yake, na yeye kila nikifika anauliza kwanza kama nimekuja na samaki wa Busia.